Nilivyojifunza Kuiacha Karatasi Wazi

Mwalimu wangu wa kwanza wa uchoraji alikuwa akionyesha kwa kidole kila sehemu nyeupe ya mchoro wangu wa mandhari na kuniagiza niweke ndege, wingu au mti, kana kwamba pahali patupu ni dalili ya uvivu. Ushauri huo ulinipotezea miaka, na mpaka leo unanikera.

Picha iliyonifumbua macho ni ya misonobari ya mchoraji wa Kijapani Hasegawa Tōhaku, iliyochorwa mwishoni mwa karne ya 16 kwenye viambaza vya kukunja ambavyo sasa vimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo. Misonobari ya karibu ni ya wino mzito, ya mbali ni ya wino uliozimuliwa sana, na ukungu ulio kati yake ni karatasi tupu.

Nami nikachora bonde la alfajiri kwa rangi za maji, lakini kwa mazoea niliijaza milima mpaka ukingoni, kisha nikautafuta ukungu kwa kupaka rangi nyeupe nzito juu yake. Ilipokauka ilifanana na chokaa ya ukutani. Nikaongeza tabaka la pili na la tatu, na bonde likazidi kufa. Rangi ya maji huupitisha mwanga hadi kwenye karatasi, nao hurudi machoni, ilhali ile nyeupe nzito huuzuia juu juu.

Mara ya pili niliiacha karatasi wazi, nikalowesha vitako vya milima ili kingo ziyeyuke zenyewe. Tamaa ya kujaza iliporudi, nililaza plastiki angavu juu ya mchoro uliokauka, nikachora humo kwa kalamu ya nta kila nilichotaka kuongeza: mashua, kibanda, ndege, vitu vinane kwa jumla. Kisha niliketi mbele yake muda mrefu bila kushika brashi, nikikifuta kimoja baada ya kingine. Mashua ilipokuwapo, macho yalikimbilia kwake yakaishia hapo. Ilipoondoka, yalitembea polepole ndani ya ukungu, na pumzi yangu ikatulia. Nilifarijika sana kujua kwamba mchoraji wa Kijerumani Caspar David Friedrich naye, katika picha yake ya mtawa kando ya bahari ya mwaka 1808 hadi 1810, alianza kwa kuchora merikebu kisha akaziondoa, kama uchunguzi wa miale ya infraredi ulivyodhihirisha.

Nilifuta saba. Cha nane, mwamba mdogo wa pembeni chini, nilikibakiza, kwa sababu kila nilipokiondoa ukungu uligeuka kuwa karatasi tu.