Gofu la babu, saruji ya shemeji

Kila aliyeliona gofu la babu pale Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, alikuwa na la kunishauri. Wa kwanza kunitia hasara ni shemeji yangu. "Saruji ndiyo dawa," alisema. Nikatoa laki na kitu, mifuko ikapanda punda kutoka gatini, ukuta wa ndani ukang'aa kama sahani. Nikapiga picha, nikawatumia hadi jamaa wa Mombasa.

Masika yalipopita nikaugonga kwa kidole: ko, ko, ko. Hewa tupu. Siku ya pili pande zima la ukubwa wa mlango likaanguka, na nyuma yake chumvi nyeupe kama unga. Mzee mmoja, fundi wa chokaa, alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, mawe haya ni matumbawe, yana maji na chumvi yake. Ukuta wataka kupumua, wewe umeuziba pua. Ngome ya Lamu ilipoanza kujengwa 1813, saruji ya shemeji yako ilikuwa wapi?"

Kuibandua ile saruji ni kazi nisiyomtakia adui, maana iliondoka na mawe yake. Boriti za dari nilinunua korja mbili, yaani arobaini, nikakuta saba zimepinda. Zipimeni hapo hapo pwani, kabla ya kulipa. Chokaa ya tanuri tuliiroweka, tukaifunika magunia, basi.

Shida ilikuwa zidaka, vile vishubaka vya ukutani vyenye nakshi. Nakshi ilibaki kwenye kimoja tu, na fundi hakutaka kuchonga kwa kubahatisha. Nikaenda jikoni kwa mama, nikaomba unga wa chapati uliokandwa. "Wa kula?" "Wa ukuta." Hakuniuliza tena. Nikapaka nakshi unga mkavu usigande, nikaushindilia ule mbichi, nikaubandua polepole: kila jani limetoka! Nikauanika darini.

Paka wa Lamu mnawajua. Asubuhi nilikuta makombo.

Mara ya pili nilitia chumvi konzi mbili na pilipili ya kutosha harusi. Wakaonja mara moja tu. Nilipomimina plasta, pale alipong'ata paka pakatoka kinundu. Sikumwambia fundi. Naye, kwa uaminifu wake wote, amekichonga kinundu kile kwenye zidaka zote kumi na moja.