Sahihi ya Nauli

Julai 2018, siku chache baada ya serikali kuanza kututoza shilingi 200 kwa siku ili tuingie WhatsApp na Facebook, nilihudhuria semina yangu ya kwanza ya vyombo vya habari na siasa. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni Kampala, mtoto wa Busia, na nisidanganye: nilifuata chakula cha mchana. Hosteli yetu Wandegeya tuliishi kwa rolex, chapati na mayai, asubuhi na jioni.

Nilikaa meza ya nyuma na kijana wa Arua, tukawa tunanong'ona Kiswahili. Dada wa mbele yetu akageuka, akatutazama viatu, kisha akafunga daftari lake. Kampala wengi husikia Kiswahili wakafikiria askari, na kwenye semina ya siasa ni rahisi kudhaniwa umetumwa. Tukahamia Kiingereza.

Aliyenisahaulisha njaa ni mzee mmoja, mhariri mstaafu. Alitusimulia habari ya 1997, gazeti la The Monitor lilipoandika kwamba Rais Kabila wa Kongo ameilipa Uganda kwa dhahabu. Wanahabari wake, Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda, wakashtakiwa kwa kuchapisha habari za uongo. Waliachiwa, lakini hawakuishia hapo. Waliipinga sheria yenyewe mpaka Mahakama ya Juu ikaifuta Februari 2004. Halafu Septemba 2009: ghasia za Buganda, redio CBS ikafungwa, bimeeza zikapigwa marufuku. Mimi bimeeza nilizisikia utotoni tu, ile mijadala ya redio watu wakigombania kipaza sauti huku glasi zikigongana. Mzee aliiga sauti zao, ukumbi ukavunjika mbavu. CBS ilirudi mwaka uliofuata. Bimeeza zile, alisema, hakuziona tena.

Mchana ikawa zamu ya bahasha. Mkufunzi, kijana wa tai nyembamba, alifoka kwamba mwandishi akishapokea ya mwanasiasa, kalamu si yake tena. Tulipiga makofi. Nikaandika BAHASHA kwa herufi kubwa, nikapiga mistari miwili chini.

Saa kumi tukatangaziwa: nauli, mezani pale koridoni. Sijawahi kuona ukumbi ukimwagika vile. Fomu, kalamu iliyofungwa kwa uzi, na rundo la bahasha za kaki, shilingi 30,000 kila moja. Boda yangu ilikuwa 3,000. Mkufunzi wa tai alikuwa watu watatu mbele yangu, na mzee alikuwa ndiyo kwanza anatia yake mfukoni.

"Mzee, na hii?" nilimuuliza.

"Hii ina fomu, mwanangu," akacheka, lakini hakunitazama.

Nilitia sahihi. Jioni nikawasha VPN kukwepa zile 200 kama kila mtu, nikamtumia mama 15,000 kwa simu, zikakatwa ile kodi mpya ya asilimia 1. Akapiga kuuliza nimezitoa wapi.

"Semina, mama."

"Wanafundisha nini hiyo semina?"

Nikamwambia mtandao unakatika.