Siku niliyomwona faulusi akiwa hai

Samaki faulusi niliyemjua tangu utotoni ni yule wa sokoni Unguja: kijivu, macho yamefifia, ngozi kama bati lililopauka. Kwa hiyo nahodha aliponiambia, "Mwanangu, wewe faulusi hujamwona bado," nilidhani ananitania.

Tulitoka Wesha, bandari ya Pemba, baada ya sala ya alfajiri, kaskazi ikivuma taratibu. Tulipokipita kisiwa cha Misali, maji ya kijani ya miambani yakakatika, tukaingia kwenye buluu nzito ya mkondo wa Pemba, ambako kina ni mamia ya mita. Hapo tukaanza kurambaza, mishipi ikiburutwa nyuma ya chombo. Saa nzima hatukupata kitu.

Kisha tukaona gogo linaelea. Faulusi hupenda kukaa chini ya kitu chochote kinachoelea, basi nahodha akalizunguka kwa mbali. Mshipi ukakazika, na samaki akaruka.

Ni dhahabu. Sina neno jingine. Ubavu wote manjano ya dhahabu, mgongo kijani kinachoingia kwenye buluu, na vidoto vya buluu vimetapakaa kama wino uliorushwa. Alikuwa dume, paji la uso limesimama wima kama ukuta. Tulipompandisha chomboni rangi hazikutulia: zilimpita mwilini kama kivuli cha wingu kinavyopita juu ya bonde la mpunga. Mara buluu, mara fedha, mara manjano tena. Ngozini mwake mna seli ambazo chembe za rangi ndani yake hutawanyika na kujikusanya kwa amri ya neva. Ndiyo maana hubadilika hivyo akiwa na hofu au hasira, na amri hiyo ikikatika, rangi nazo huondoka.

Nahodha akanyanyua rungu. Nikamwomba asubiri kidogo nimtazame.

"Usimtese kiumbe wa Mungu kwa ajili ya macho yako," akasema, akampiga kichwani mara moja.

Alisema kweli, na niliona haya. Nikapiga magoti, mkono juu ya ubavu ule wa baridi. Dhahabu ilififia kuanzia tumboni, ikapanda. Kijani cha mgongo kilichelewa kidogo.

Wesha wachuuzi walikuwa wakimngoja. Mmoja alimbonyeza kwa kidole gumba, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akataja bei. Mimi nilikuwa natafuta vile vidoto vya buluu. Vilikuwepo bado, vyeusi sasa, vidogo kama mbegu za mpapai.