Samaki Ndiye wa Mwisho

Nilipostaafu kila mtu alikuwa na nasaha. Mmoja alisema nifungue duka, mwengine nilale tu. Aliyeniponza ni jirani: "Mzee, wahi samaki mapema kabla hawajachaguliwa, mengine baadaye."

Nikamsikiza. Nikanunua tafi wanne karibu na Bandari ya Kale hapa Mombasa, nikawatia kikapuni, huyo mpaka benki, tena siku ya pensheni. Sasa tafi hula mwani, na tumbo lake ndilo la kwanza kuoza. Asipotumbuliwa mapema, harufu huingia mpaka nyamani. Kufikia saa nne na nusu kiti cha kulia kwangu kilikuwa kitupu, cha kushoto kitupu, na askari wa mlangoni anakagua nyayo za viatu vyake. Nilihudumiwa haraka, sikatai. Samaki waliliwa na paka.

Siku hizi natoka Kibokoni saa mbili. Benki kwanza, na naziacha siku tatu nne zipite tangu pesa kuingia. Kisha Marikiti: ndimu, pilipili, nazi. Nazi itikise sikioni, isipolia maji iache. Na macho yake yakiwa na unyevu au ukungu, ndani imeoza.

Samaki namchukua nikirudi. Shavu liwe jekundu, jicho litune, ukimbonyeza nyama irudi. Akiwa tafi, muuzaji aikate miba kwanza maana ina sumu, halafu amtumbue pale pale. Ukichomwa, tia mkono katika maji ya moto, ya kuvumilika lakini. Msimu wa kusi bahari ikichafuka bei hupanda. Usibishane na mvuvi, nunua ng'onda, samaki mkavu, uende zako.

Saa tano mpaka adhuhuri ni ya kusoma. Dirisha liwe upande wa kushoto, miwani ya kusomea inayouzwa barabarani yatosha. Taifa Leo nalimaliza lote kabla ya kwenda barazani, kwani likifika kule ukurasa wa michezo huondoka na haurudi. Nilijaribu kulikunja, nikajaribu kulikalia. Dawa niliipata kwenye kikopo cha nyuzi cha bibi: naufungua mkunjo, napitisha sindano katikati, mishono mitatu, juu, kati na chini, fundo kwa nje. Uzi uwe wa pamba, wa nailoni hukata karatasi. Gazeti halichanguki tena. Mmoja asoma kwa sauti, wengine tusikize.

Tunakutana baada ya alasiri, muuza kahawa akipita analiza vikombe. Kahawa tungu, vikombe viwili na kashata. Cha tatu nitakesha nikihesabu boriti.

Jana mmoja wa barazani amekuja na mkasi.