Kamba ya kumwongozea mbwa hukatikia kwenye maungio

Kamba ya mbwa mara chache hukatikia katikati. Hukatikia penye fundo au penye kulabu, ndiyo maana kazi kubwa iko kwenye ncha zake mbili.

Kamba ya usumba ya Paje na Jambiani, vijiji vya pwani ya Unguja, inayosokotwa kwa makumbi yaliyofukiwa pwani, inamfaa sana mbuzi wa kigingini. Kwa mbwa hapana. Akivuta ghafla inachubua kiganja, tena inanyonya mate na tope. Huku visiwani hilo si dogo: wengi wetu ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na kilichorowa mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kamba inayoosheka upesi ni raha.

Duka la vifaa vya uvuvi omba kamba ya misokoto mitatu, mita 2.5, unene milimita 10, au 12 kwa mbwa mkubwa wa wasasi. Tia kipande kwenye ndoo ya maji. Kikielea ni plastiki nyepesi: hainyonyi maji, lakini jua huila mpaka ikatoa vumbi na nywele zinazochoma. Kikizama, na kamba ni laini yenye kunyumbuka, hiyo ni nailoni; mbwa akiruka shingo haipati mshtuko. Chukua hiyo.

Kulabu iwe ya shaba au chuma kisichoshika kutu, yenye kichwa kinachozunguka. Hewa ya chumvi huanza na springi ya ndani. Ikifa, mdomo unabaki wazi na mbwa keshaondoka.

Sasa usifunge fundo, maana fundo hupunguza sana nguvu ya kamba. Isukie kamba ndani yake yenyewe. Pima sentimita 25 kutoka nchani, kaza hapo kwa uzi wa nyavu, fungua misokoto mitatu, yeyusha kila ncha kwa mshumaa. Pitisha kwenye pete ya kulabu, kunja kwa kubana. Panua kamba kwa kijiti kilichochongwa, chomeka msokoto wa kati chini ya msokoto mmoja wa kamba, kinyume na kamba ilivyosokotwa. Wa kushoto uchomeke chini ya unaofuata kushoto. Geuza kazi upande wa pili, wa tatu uingie chini ya uliobaki. Hapa ndipo wengi wanapokosea: kila uwazi lazima utoe msokoto mmoja tu. Ikitoka miwili pamoja, fumua, kwa sababu mzigo utaangukia upande mmoja.

Endelea, juu ya mmoja chini ya mmoja, mizunguko mitano. Usumba hutosheka na mitatu kwa kuwa unakwaruza na kushikana. Nailoni ni telezi. Sugua maungio kwa unyayo yakae sawa, kata mikia ukiacha sentimita moja, yeyusha taratibu bila kuunguza kamba iliyo kando.

Upande wa mkono ni vivyo hivyo, kitanzi cha sentimita 40 za kamba. Funika mikia kwa uzi wa nyavu. Donge la nailoni iliyoyeyuka hukata ngozi.

Kabla ya kumfunga mbwa, funga kulabu kwenye mnazi uvute kwa uzito wako wote, kwa mishtuko. Tazama mikia ile: ikiwa imefupika, maungio yanateleza. Fumua, suka upya, ongeza mzunguko. Ukitoka naye pwani, suuza kamba kwa maji baridi na uianike kivulini, kwani mchanga ukibaki ndani husaga nyuzi.