Teófilo Stevenson angetwaa mkanda, ila si kwa Ali

Hassan Mwakinyo akiwa na pambano, vijiwe vya Ngamiani vyote hugeuka kamati ya ngumi. Na maneno hayaishii kwa mtoto wetu wa Tanga. Yakishakolea, wazee huyavusha bahari mpaka Cuba, kwa Teófilo Stevenson, bondia wa ridhaa wa uzito wa juu: lau angeingia ngumi za kulipwa, angempiga Muhammad Ali au asingempiga?

Jioni nafundisha vijana ngumi, kwa hiyo swali hili kwangu si la kushushia kahawa. Nawaona wakipiga begi na kila mara najiuliza nani atafika wapi. Jibu langu juu ya Stevenson ni hili: angekuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Ila asingemweza Ali wa 1974, yule aliyemwangusha bingwa George Foreman kule Kinshasa. Lakini zamu ya Stevenson ingefika.

Wanaomtetea huanza na dhahabu zake tatu za Olimpiki, Munich 1972, Montreal 1976 na Moscow 1980. Mimi dhahabu peke yake hainitoshi. Ngumi za ridhaa enzi zile zilikuwa raundi tatu za dakika tatu tatu. Dakika tisa, umemaliza. Pambano la ubingwa wa dunia lilikuwa raundi 15, yaani dakika 45. Mtu anaweza kuwa simba kwa dakika tisa na akaishiwa pumzi dakika ya ishirini.

Tena matokeo ya ridhaa yanadanganya. Mwaka 1972, kwenye mchujo wa timu ya Marekani, Duane Bobick alimshinda Larry Holmes. Holmes aliondolewa na mwamuzi kwa kukumbatia mno. Bobick akaenda Munich, Stevenson akamsimamisha raundi ya tatu. Ukipiga hesabu ya kijiweni utasema basi Stevenson ni zaidi ya Holmes. Haya, tazama kilichofuata: mwaka 1977 Ken Norton alimmaliza Bobick katika raundi ya kwanza, hata dakika haikutimia. Mwaka uliofuata Holmes akamshinda huyo Norton na kuuchukua mkanda wa WBC, chama kimojawapo cha ngumi za dunia, akakaa bingwa mpaka 1985. Aliyeshindwa kwenye mchujo ndiye aliyetawala.

Mtu ninayemtazama mimi ni Mmarekani John Tate. Montreal 1976, nusu fainali, Stevenson alimlaza raundi ya kwanza kwa ule mkono wake wa kulia. Tate alikwenda kwenye kulipwa, na mwaka 1979 alimshinda Gerrie Coetzee kule Pretoria kwa raundi zote 15, akawa bingwa wa WBA, chama kingine cha ngumi za dunia. Hiyo ni miaka mitatu tu tangu alipolazwa. Machi 1980 akaupoteza mkanda kwa Mike Weaver, aliyemwangusha raundi ya 15 huku Tate akiongoza kwa pointi. Mlango huo ndio ninaousema. Tate na Weaver ndio waliokuwa na ule mkanda, na Stevenson alikuwa bado hajatimiza miaka thelathini.

Sisi wenyewe tuna mfano wa jinsi wanaokutana kwenye ridhaa wanavyoachana baadaye. Mwaka 1970 mjini Edinburgh, fainali ya uzito wa kati ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Titus Simba wetu alipambana na Mwingereza John Conteh. Simba akarudi na fedha. Miaka minne baadaye Conteh alikuwa bingwa wa dunia wa WBC. Vijana wangu wengi hawalijui jina la Titus Simba, na hilo linaniuma.

Anayemtilia shaka Stevenson ana hoja, na hoja yenyewe inaitwa Igor Vysotsky. Mrusi huyu, mfupi kuliko yeye, alimshinda mara mbili, 1973 na 1976. Alimwingilia ndani bila kumpa nafasi. Stevenson alipenda kukaa mbali, anyooshe mkono wa kushoto, apime, halafu ndipo aachie ule wa kulia. Ukimsogelea kifuani, ule urefu haumsaidii tena. Kwenye kulipwa wangemfuata hivyo hivyo kila pambano, wakimpiga mbavu. Angehitaji miaka miwili mitatu ya mapambano ya raundi nane, raundi kumi, ajifunze kupigana akiwa amebanwa na kuigawa pumzi yake. Ndiyo maana nasema asingemweza Ali wa 1974. Ila Ali wa Februari 1978 alishindwa na Leon Spinks, kijana aliyetoka na dhahabu Montreal kama Stevenson na alikuwa na mapambano saba tu ya kulipwa.

Wapo wanaosema aliogopa. Siwakubali hata kidogo. Cuba ilikwisha kufuta michezo ya kulipwa, hivyo kusaini mkataba kulikuwa ni kuiaga nyumba moja kwa moja. Alipoahidiwa mamilioni alijibu kwamba fedha hizo si kitu mbele ya mapenzi ya Wakuba milioni nane. Mimi namsadiki. Alibaki, akazeeka kwao, na mwaka 2012 akafia Havana akiwa na miaka 60.

Kwa hiyo nikiulizwa kijiweni naweka hivi: Stevenson angemwangusha Weaver kabla ya raundi ya sita, maana Weaver alikuwa anapigika kwa mkono wa kulia. Coetzee naye, Stevenson angemshinda kwa pointi. Holmes ndiye angemsumbua. Ngumi za kushoto za Holmes zilikuwa haziishi, zingekuwa zinamfika usoni kila anapotaka kupima umbali, na ile kulia isingepata muda wa kutoka. Hapo nampa Holmes, kwa pointi, raundi zote 15.