Shangazi alizikwa nikiwa nimelizima grupu

Ujumbe uliingia saa 4:42 usiku. Binamu yangu aliandika: "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Shangazi ametutoka muda huu hapa Muheza. Maziko kesho baada ya sala ya alasiri." Mimi niliufungua kesho yake saa 11 jioni, Mbagala, nikiwa nimemaliza kukunja gauni la mteja. Shangazi alikuwa ameshazikwa.

Huyu ndiye aliyenifundisha cherehani. Nikiwa darasa la sita alinikalisha mbele ya cherehani yake ya mkono, akanipa kipande cha kanga kuukuu, akaniambia nishone mstari ulionyooka. Nikipinda, anafumua kwa wembe na kunirudishia kitambaa. Hakuwahi kunigombeza, alifumua tu. Kazi inayonilisha mimi na wanangu leo imetoka mikononi mwake. Na ningewahi kumzika. Basi la alfajiri kutoka Mbezi lingenifikisha Muheza mchana, alasiri ikanikuta nyumbani.

Hakuna aliyenificha habari. Kaka alidhani nimeona. Mama alidhani kaka amenipigia. Kila niliyemuuliza alinijibu maneno yaleyale: "Si tuliweka kwenye grupu?" Ni kweli, waliweka. Ila grupu la ukoo nilikuwa nimelizima sauti mimi mwenyewe mwaka 2021, nikachagua "Daima", halafu nikalipeleka kule WhatsApp inakohifadhi mazungumzo usiyotaka kuyaona. Ukishalipeleka huko halirudi juu kwa ujumbe mpya. Linakaa kimya, watu wanazungumza humo ndani, wewe huna habari.

Nilikuwa na sababu. Grupu lina watu 112. Kuanzia sala ya alfajiri ni picha za maua zenye "asubuhi njema", Ijumaa ni Ijumaa Mubarak kutoka kwa kila mtu, mchana ni video na zile jumbe za "mtumie kila mtu unayemjua". Bando linakwenda, simu inajaa. Kujitoa ni jambo jingine. Najua tangu mwaka 2022 ukijitoa wanaoarifiwa ni admini peke yao, lakini admini wetu ni mjomba. Mtu hajitoi kwenye ukoo.

Na kuna kazi. Simu yangu inakaa kwenye meza ya cherehani, kulia, kati ya mkasi na chaki. Mguu ukiwa kwenye pedeli mlio siusikii vizuri, ila mtetemo nausikia kwenye mbao. Simu inatambaa kidogo kidogo mpaka inagusa mkasi, mkasi nao unaanza kulia. Jicho linaondoka kwenye sindano. Ukiwa unapachika mkono wa gauni la satini, kitambaa ukikiachia kidogo tu kinateleza, bega linavuta, na satini ukiifumua inabaki na matundu. Nimewahi kumnunulia mteja mita mbili za kitambaa kwa sababu hiyo. Kwa hiyo siku niliyoyazima magrupu yote kwa pamoja niliona nimeokoka.

Kosa lilikuwa hapo kwenye "yote kwa pamoja". Niliyazima kwa hasira, bila kuangalia lipi linaleta nini.

Baada ya kurudi kutoka kuhani, nilichukua daftari langu la vipimo, ukurasa wa mwisho, nikaandika magrupu yote niliyomo. Yalikuwa 14. Mbele ya kila jina nikajiuliza swali moja: kuna habari gani ya grupu hili ambayo ikinifikia jioni itakuwa imechelewa?

Grupu la wapangaji, kwa mfano, sikulitegemea, lakini ndilo la kwanza nililoliwasha. Tuko wapangaji sita kwenye mita moja ya LUKU. Mtu anaandika "yuniti zimebaki 3, nani hajachangia?" na mimi nina pasi ya umeme na suruali nne za kukabidhi saa 9. Habari hiyo haisubiri. Nililiwekea sauti fupi, na sasa nikiisikia najua ni umeme au maji kabla sijashika simu.

Hili la kuliwekea kila grupu mlio wake wengi hawalijui, na kwangu limesaidia kuliko yote. Unafungua grupu, unagusa jina lake kule juu, unashuka mpaka palipoandikwa arifa, unachagua mlio. Basi. Kwenye simu yangu hata mtetemo unabadilishwa, mfupi au mrefu, na kwa mtu anayefanya kazi kwenye kelele mtetemo ndio unaosema. Mguu wangu unaendelea kukanyaga, masikio yanachagua.

Grupu la wazazi wa darasa la tano lilinisumbua kuliamua. Mwalimu akiandika tangazo moja, yanafuata "asante mwalimu" arobaini. Lakini kuna siku watoto waliruhusiwa saa 6 mchana na mwanangu alikaa getini mpaka saa 8. Kulizima kabisa nikaogopa, kuliacha wazi nikashindwa. Nikaongea na mama mmoja mwenye duka karibu na shule, ambaye simu haimtoki mkononi: "Mama Salma, kukiwa na la haraka nitagi." Grupu ukilizima sauti, mtu akiweka ile alama ya @ na jina lako, au akijibu ujumbe wako mwenyewe, taarifa inakufikia vilevile. Hata kama umelificha. Mama Salma ameshanitagi mara mbili tangu hapo, na zote mbili nilifunga cherehani nikaenda.

Kamati za harusi nazizima kwa muda wa saa 8. WhatsApp inakupa kuchagua saa 8, wiki 1 au daima, na watu wengi wanaruka moja kwa moja kwenye daima. Hii ya saa 8 ni nzuri kuliko inavyoonekana. Nikifungua kazi saa 2 asubuhi nabonyeza, na saa 10 jioni sauti inarudi yenyewe, sihitaji kukumbuka. Mchana kutwa watu wananakili ile orodha ndefu ya michango, kila mmoja anaongeza jina lake chini na kuirusha upya. Jioni nasoma ya mwisho tu, yote yamo. Na kwa kuwa kamati ina mwisho, harusi ikipita nalifuta.

Kikoba kina siku yake, Jumapili, na mwenyekiti akiwa na neno na mimi ananipigia. Hilo ni daima bila wasiwasi. Grupu la mafundi wenzangu pia ni daima, ingawa nalipenda kuliko mengine. Humo ndimo mnamopita mishono mipya, shingo za kila aina, na mtu akikwama kwenye kipimo cha kiuno anasaidiwa. Nalifungua usiku nikiwa na chai, kwa raha zangu. Kitu unachokipenda hakilazimiki kupiga kelele.

Likabaki la ukoo, na hapo ujanja wa Mama Salma haukufaa. Wazee wetu hawatagi. Mjomba anatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne, taarifa ya ugonjwa iko dakika ya tatu baada ya salamu. Nikiliwasha, narudi kwenye satini iliyoharibika. Nikilizima, tayari nimeona yaliyonikuta.

Siku ya khitma ya arobaini nilisubiri watu wapungue, nikamwendea mjomba barazani. Nilimwambia naomba tufungue grupu la pili, la taarifa peke yake: msiba, ugonjwa mzito, kuzaliwa, ndoa. Waandishi wawe admini watatu tu, wengine tusome. Alinitazama kwa muda. "Mwanangu, unataka kufunga watu midomo?" Nikamwambia hapana, mjomba, lile la zamani libaki kama lilivyo, salamu ziendelee, picha ziendelee. Nataka pawepo mahali ambapo pakilia, mtu ajue kuna jambo. Akanyamaza tena. Kisha akasema, "Hata mimi la Bi. Mkubwa wa Korogwe lilinipita." Sikulijua hilo. Kumbe sikuwa peke yangu.

Lilifunguliwa usiku uleule na binamu. Kwenye mipangilio ya grupu kuna sehemu ya ruhusa, unachagua wanaoruhusiwa kutuma ujumbe wawe admini tu. Tangu siku hiyo yamepita majuma na majuma bila neno humo, na ndivyo inavyotakiwa.

La pili tulilokubaliana pale barazani nalithamini zaidi, na halina mipangilio yoyote. Msiba unapigiwa simu. Kila nyumba ina watu wake wa kuwapigia, wanne au watano, na mpigaji hajamaliza mpaka asikie sauti ya mtu. Zamani alitumwa kijana kwa baiskeli, anabisha hodi, anasubiri mtu atoke. Siku hizi mtu anaandika, anaona ametimiza. Siwalaumu ndugu zangu kwa usiku ule, walikuwa na maiti ndani. Lakini kuweka kwenye grupu na kumwambia mtu ni vitu viwili, na mimi nimelijua hilo kwa gharama.

Usiku simu yangu iko kwenye "Usinisumbue", maana nahitaji kulala. Mama, kaka na binamu nimewawekea nyota, simu zao zinapita. Na nimeacha ile ruhusa ya anayerudia kupiga: mtu yeyote akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, inalia. Nimewaambia wote nyumbani, ukinikosa mara ya kwanza piga tena hapohapo.

Mwezi uliopita nilikwenda Muheza. Simu ya mama inalia kutwa, na nilipanga kumtulizia. Nikamwambia mama nipe nikuzimie haya makelele. Akaishika kifuani. "Acha ilie. Ikilia najua watu wapo. Ikinyamaza nakaa humu ndani kama nimesahauliwa." Sikuwa na la kumjibu. Anaishi na mjukuu mmoja anayeshinda shule. Zile picha za maua zilizonichosha mimi, yeye anazifungua moja moja, anamtaja aliyetuma, anamwombea dua.

Sikuzima kitu. Nilibadilisha mlio wa lile grupu la taarifa peke yake, nikaweka mmoja wa kengele, mrefu, usiofanana na mwingine, nikamsikilizisha mara tatu.

Jioni tulikaa mkekani tunapukuchua kunde. Simu ikalia, na ikalia tena. Mama hakuinua hata kichwa. "Hao wa salamu," akasema. Baada ya muda ikalia kengele. Aliweka kunde chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akanisogezea simu nimsomee. Mjomba ameruhusiwa hospitali, wako njiani wanarudi.

"Alhamdulillahi," akasema, akavuta ungo.